Nekesa Alipopimwa Mkeka

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi, si jirani wa jirani. Nani angejitungia balaa kama hii?

Akina mama wa kanisa letu hapa Pipeline, Nairobi, tulikuwa tumeshuka pwani, na siku moja tukapelekwa kuona magofu ya mji wa zamani. Kuta zimebomoka, makaburi ya mawe, joto la kuua mtu. Nililalamika mpaka wakanichoka. Mdogo wangu Nekesa alibaki nyuma akiongea na mwanamke mmoja wa buibui lililopauka. Nikadhani ni mwenyeji tu.

Mchana tukaenda kwenye kibanda wanakosuka mikeka. Nekesa hulala sakafuni, mimi kitandani, na vyumba vya Pipeline unavijua: ukifungua mlango unagonga meza. Nilitaka mkeka wa kumtosha yeye tu, na vipimo vya sakafu sikuwa nimebeba. Basi mimi na ujuaji wangu nikamwambia alale hapo chini apimwe. Wasukaji wakaweka kazi chini. Yule mwanamke wa magofuni, sijui aliingia saa ngapi, akainama na ukindu wa kusukia mkononi, akampima kutoka utosini hadi visiginoni.

Mwenye kibanda akaja mbio, akamwinua Nekesa.

"Dada, huku kwetu anayepimwa amelala ni maiti," akaniambia.

Nikamjibu kwamba aliyempima ni fundi wake. Akauliza fundi yupi. Jamani, yule mwanamke hakuwapo tena. Tuliondoka bila kununua chochote.

Sasa niamini. Tuliporudi Nairobi, kufuli ilikuwa vile nilivyoiacha, na mkeka wa urefu wa Nekesa umetandikwa sakafuni, ukindu bado mbichi. Nekesa akalia. Mimi nikatukana, maana nikiogopa hutukana. Tukauchoma kwenye jaa la Dandora mpaka ukawa jivu, tukarudi tukaukuta nyumbani. Tukahama ploti, tukapanga chumba kwingine, tukaukuta huko pia.

Nikimlaza kitandani kwangu, alfajiri namkuta chini anatambaa kuuelekea, amefumba macho. Kwa hivyo sasa hulala ameketi, nimemfunga kitini kwa leso. Mwezi jana fundo lililegea, miguu yake ikafika mkekani. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote. Tangu siku hiyo, kutoka magotini kwenda chini hasikii kitu. Daktari haoni ugonjwa. Nampenda huyu mtoto wa mama yangu, na nimechoka, na siku moja nitasinzia mimi.

Wewe ukienda kununua mkeka, pima sakafu yako. Mtu wako mwache asimame.