Barua Saba kwa Printa Isiyokuwepo

Ofisi yetu ilikuwa karibu na bandari ya Kigoma, na kazi yake ilikuwa kuandaa karatasi za mizigo inayovuka ziwa kwenda Kalemie na Bujumbura. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kompyuta. Cheo hicho kilimaanisha kwamba chochote chenye waya kikiharibika, hata feni, lawama ni zangu.

Orodha za mizigo zilitoka kwenye programu ya zamani sana, ya kioo cheusi na maandishi ya kijani. Maisha yake yote ilijua kuongea na printa ya aina moja tu: ile ya utepe wa wino, inayovuta karatasi ndefu yenye vitundu pembeni huku ikipiga kelele kama mashine ya kusaga. Utepe ulipoadimika Kigoma, tukaagiza Dar es Salaam. Ukaja utepe wa mashine nyingine. Tukaagiza tena, ukaja uleule. Meneja akaitisha kikao cha utepe, kikao kikaunda kamati ya utepe, na kamati ikaomba iandikiwe barua ya uteuzi, ambayo haikuchapishwa kwa sababu hapakuwa na utepe.

Hapo ndipo nilipojipatia sifa. Niliweka programu inayoitengenezea kompyuta mlango wa printa wa uongo. Kompyuta inaamini printa ipo, inatuma kurasa zake, na ile programu imekaa mlangoni inadaka kila kinachotumwa na kukihifadhi kama faili. Hakuna utepe, hakuna kelele. Niliunganisha kompyuta zote za ofisi, kila kinachochapishwa kikawa kinaangukia kwenye folda moja.

Folda hiyo akakabidhiwa katibu muhtasi wetu, mama mmoja wa Buzebazeba aliyekuwepo kabla yangu, kabla ya meneja, na nadhani hata kabla ya mlango wa mbele. Meneja mwenyewe ndiye aliyeamuru: kila asubuhi mama afungue folda, achague kinachostahili karatasi, akitoe kwenye printa ndogo mpya iliyokuwa mezani kwake, akipe namba ya kumbukumbu na kukigonga muhuri. Nilimweleza meneja utaratibu huo kwa nusu saa nzima, naye aliitikia kwa kichwa muda wote. Nilikuwa bado sijamjua. Meneja wetu akiitikia kwa kichwa, ujue hayupo.

Tatizo lilikuwa masikio. Miaka yote tulizoea kuisikiliza printa: ukibonyeza usisikie kelele, unabonyeza tena mpaka ikubali. Sasa kelele haikuwepo, na watu wakaendelea kubonyeza. Orodha moja ya saruji niliikuta nakala kumi na tisa. Kadi ya mchango wa harusi ya mpwa wa meneja niliikuta nakala nyingi kuliko wageni. Mama alizifuta moja moja bila kunung'unika, akibakiza moja.

Yeye ndiye aliyeufanya mfumo wangu ufanye kazi, ingawa pongezi nilizipokea mimi. Siku moja nahodha wa boti ya Kalemie alikataa orodha yake mpya, safi, nyeupe.

"Hii si ya mizigo," alisema. "Matundu yake yako wapi?"

Nilianza kumweleza habari za teknolojia. Mama akachukua kile kidude cha kutobolea karatasi za faili, akaitoboa ile orodha pembeni, juu mpaka chini, pande zote mbili, akamrudishia. Nahodha akashukuru, akaenda kupakia.

Alhamisi moja, saa kumi jioni, nilifungua folda kuangalia kama nafasi inatosha. Nikakuta faili saba zinazofanana, zote kutoka kompyuta ya meneja. Nikafungua moja. Ilikuwa barua kwa mama. Ilisema kwamba kwa kuwa mfumo mpya uliowekwa na mtaalamu wetu sasa unahifadhi nyaraka wenyewe, ofisi haina tena haja ya katibu muhtasi, na kwamba huduma yake inakoma leo hii.

Meneja alikuwa ameiandika mwenyewe, kwa kidole kimoja bila shaka, maana asingeweza kumpa mama aichape. Akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena mpaka zikatimia mara saba, kimya, akafunga ofisi yake akaenda zake nyumbani Katubuka.

Niseme ukweli, ingawa unanichoma. Jambo la kwanza nililohisi lilikuwa raha ya kuitwa mtaalamu. Hofu ilikuja baadaye. Mama alikuwa hatua tano kutoka nilipokaa, akiwa na mtoto wa mwisho chuoni Kasulu na nyumba ambayo paa lake lilikuwa bado nusu. Ningeweza kwenda kumwambia. Nikaifunga folda. Nikajiambia si mambo yangu, labda meneja atabadili mawazo, labda si leo. Nilikuwa mwoga, basi.

Asubuhi mama akafungua folda kama alivyoamriwa. Nilimwona akisoma, akarudia kusoma, akavua miwani, akaivaa.

"Meneja amesahau namba ya kumbukumbu," alisema, kama anayejisemea. "Na tarehe ya jana haifai tena."

Akairekebisha ile barua. Akaweka tarehe ya siku hiyo, akasahihisha jina lake lililokosewa, akafuta nakala sita, akaitoa moja, akaipa namba, akaigonga muhuri, akaiingiza kwenye daftari la dispachi, ambalo kila apokeaye barua husaini. Kisha akaiweka kwenye jalada la kusainiwa, katikati ya orodha za saruji na unga, akampelekea meneja. Meneja alikuwa kwenye simu. Akasaini zote bila kuinua macho, kama kawaida yake. Mama akarudi mezani, akaichomoa yake, akasaini kwenye dispachi kwamba ameipokea.

Dakika chache baadaye meneja akachungulia mlangoni.

"Mama, mwambie mtaalamu aje anitazamie printa. Tangu jana nabonyeza, haitoi kitu."

"Imetoka, bosi. Umeshaisaini."

Meneja alimwangalia mama, akaniangalia mimi, akaiangalia ile karatasi mkononi mwa mama. Akarudi ndani na kufunga mlango taratibu mno. Ningecheka, kama si kwamba mama alikuwa ameshaanza kukusanya vitu vyake kwenye mfuko: kanga, kikombe, mwavuli. Alipomaliza akaja kusimama mbele ya meza yangu.

"Weye unaiangalia folda kila jioni," alisema. "Uliiona lini?"

"Jana, mama. Saa kumi."

Akafikiri kidogo.

"Saa kumi nilikuwa nakumiminia chai."

Nilitazama kioo changu, ambako kila kitu kilikuwa kinafanya kazi vizuri.

"Barua ingekuwa yako," alisema, "miye ningekwambia."

Akatoka. Na ni kweli, angeniambia. Angeniambia hata kabla hajamaliza kuisoma.