Mashine Niliyoichagua kwa Wivu

Sikusimuliwa haya, wala sikuyaota. Yalinifika mimi mwenyewe, mchana kweupe, pale Ukunda, na wallahi hadi leo nikiyataja mwili unanisisimka.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo katika kituo cha redio, kabla hajastaafu tukahamia Msambweni. Mimi ni mke wake wa pili. Wa kwanza, Mwanasiti, alikuwa mtangazaji hapo hapo kituoni, na alifariki kabla sijaolewa. Sikuwahi kumwona wala kumsikia. Lakini alikuwamo nyumbani mwangu, ndani ya katoni chini ya kitanda: katriji kumi na tisa, vile visanduku vya plastiki vya zamani vyenye utepe wa matangazo. Sauti yake yote iliyobaki ilikuwa humo, na hatukuwa na mashine ya kuzichezea. Kila Ijumaa mume wangu alizifuta vumbi moja moja. Niambie, mimi nani alinifuta vumbi?

Mwaka jana akapata habari kwamba fundi mmoja wa Ukunda ana mashine mbili za katriji, tena zinaunganishwa na kompyuta ili sauti zihifadhiwe. Miguu yake ilikuwa imevimba, akanituma mimi nikachague.

"Usihadaike na umbo," akanisisitizia. "Bonyeza kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe. Kikinata, iache. Itatafuna kila kitu."

Fundi akanionyesha zote mbili, kisha akatoka kwenda kuswali Alasiri. Ya kwanza ilikuwa imechubuka rangi, lakini mpira wake mkavu, mzima. Ya pili inang'aa, ina taa za kijani. Nikaubonyeza mpira wake. Kidole kikanasa kama nimeshika utomvu wa fenesi.

Nikajua. Na hiyo hiyo ndiyo niliyoamua kuichukua. Wivu ulikuwa umenikaba, nikaona Mwanasiti akitafunwa ndipo nitakapopumua.

"Mwenzangu, hiyo iache."

Nikageuka. Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kiti cha fundi, kajitanda leso, uso kauelekeza dirishani. Sikumsikia akiingia. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, tamu, kila neno limetimia.

"Wewe ni nani?"

"Nimekaa kimya miaka mingi, mwenzangu. Usinifanyie hivyo."

Nikaenda mlangoni kuangalia kama fundi anarudi. Nilipogeuka tena, kiti kitupu, na mlango ulikuwa huo mmoja tu niliposimama mimi. Ungekuwa wewe ungekimbia, sivyo? Mimi wivu ulinitia moyo. Fundi aliporudi nikamwambia, "Naichukua hii yenye taa."

Nyumbani, mume wangu hakuukagua mpira. Aliniamini. Akaingiza katriji ya kwanza.

"Hujambo, msikilizaji wangu?"

Ilikuwa sauti ile ile ya kwenye kiti. Ikasema maneno mawili matatu, ikavutika, ikakoroma, ikakatika. Mume wangu akautoa utepe umekunjamana, umechanika, akaulaza kiganjani.

"Si kosa lako, mke wangu," akasema.

Nikafungua kinywa nimwombe radhi. Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Ilikuwa nzito kidogo, tamu. Mume wangu akainua kichwa akanitazama, machozi yakamtiririka.

Kesho yake niliirudisha ile mashine, nikaleta iliyochubuka, na katriji kumi na nane zilizobaki zikaokoka zote, sauti zikahifadhiwa kwenye kompyuta. Sauti yangu haijarudi. Hospitali wameniangalia koo, wanasema ni zima. Nimesomewa dua pia. Dada yangu wa Kinango nikimpigia simu, huuliza, "Nani mwenzangu?"

Na mume wangu? Kompyuta haigusi. Jioni huniambia, "Zungumza, mke wangu, chochote tu," halafu hufumba macho. Ananipenda kuliko zamani, nami nazungumza, huku roho inaniuma kwa yule anayemsikiliza.

Basi wewe unayemwonea wivu aliyetangulia mbele ya haki, mwachie kilicho chake. Ukimnyima pa kusemea, atasemea kwako.