Kunde Nyeusi za Mama

Niliwapeleka wenzangu wa kituo cha utafiti kwa mama, kijijini Mkange, kukusanya mbegu za kunde za wenyeji, tuzihifadhi na kuzalishia aina bora. Nilimwambia mama atupe mchanganyiko wote, kama ulivyo kibuyuni. Akaitikia. Lakini kwa mama, kumpa mgeni mbegu zisizochambuliwa ni kumdharau. Akakaa na ungo, akawafungashia zile nyeupe, nono, zinazofanana. Niliona, nikanyamaza nisimwaibishe mbele za watu. Zile ndogo nyeusi zilizobaki akazipika kwa nazi, tukala sote.

Mwaka huu wadudu mafuta wamemaliza shamba letu la majaribio. Tulipekua ghala zima, hatukupata mbegu inayowahimili. Nikampigia mama, nikamwamkia, nikamuuliza.

“Zile nyeusi wadudu hawakuzigusa hata siku moja,” akasema. “Ila nilizimaliza siku ile ya wageni wako. Sasa tunapanda hizo mnazotuletea.”

Mkubwa wangu ananiuliza kila wiki kama kwetu hakuna aina ya kienyeji. Nimwambie nini? Niliila mwenyewe, mtaalamu wa mbegu, tena nikaomba niongezwe.