Kuku Waliotangulia Harusini

Juzi, nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa mtaa wa Isevya, mzee mmoja aliingia amebana tumbo, tiketi ya treni mkononi.

"Mwanangu, nimemeza vidonge vya rangi mbili tumbo halisikii, na kesho namwoza binti yangu huko Kaliua!"

"Ulikula nini, mzee?" muuzaji akauliza.

"Kuku wangu mmoja, nilimbanika harakaharaka. Wazima wale! Kila siku nawatilia rangi mbili kwenye maji."

Muuzaji akashika kichwa. "Ndiyo maana! Bakteria wao wameizoea hiyo antibiotiki, nawe umewala kwenye nyama isiyoiva. Bakteria sugu mmoja akifa, mwenzake huokota vinasaba vyake akavivaa kama mtumba, naye dawa haimwezi tena. Nenda hospitali ukapimwe."

Mzee akanywea. "Na wale kuku niliowatanguliza harusini?"

Foleni nzima tukamsikia akifoka kwenye simu: "Wachemsheni! Wachemsheni mpaka mifupa iombe msamaha!"

Kwa mara ya kwanza maishani, nikashukuru kutoalikwa harusi.