Swichi ya Kilima cha Zábrež

Saa moja na nusu asubuhi, Vendelín Hurtaj ameishika kamba inayowavuta watelezaji wa theluji kupanda kilima cha Zábrež. Makusudi, haiachii. Kileleni anapita mahali pa kushukia, kifua chake kinagusa waya wa usalama unaovuta swichi, na mota inazima. Anateleza hadi chini, anarudia.

Mara ya nne mota haizimi. Anajitupa pembeni, hatua mbili kabla ya gurudumu kubwa linalozungusha kamba.

“Barafu imeingia kwenye swichi,” anasema akijikung’uta theluji. “Leo hatufungui.”

Leo ni Jumamosi ya kanivali, siku ambayo kijiji kizima huteleza kwa vinyago na sketi za bibi zao. Msimu uliopita theluji ilitosha siku kumi na saba tu, kwa hiyo kuipoteza hata moja ni pigo.

Saa tatu foleni imeshajaa. Mwanamume aliyevaa ngozi ya dubu anapaza sauti, “Mzee Vendo, siku hizi unaogopa kamba? Si uifunge hiyo swichi kama zamani!”

Hakuna anayecheka. Dubu anainamisha kichwa.

Mwaka jana, siku kama hii, Vendelín aliifunga kweli. “Upepo ulikuwa unautikisa waya, mota inazima kila dakika mbili, watu wananizomea. Nikachukua uzi wa kufungia majani ya ng’ombe, nikaikaza swichi isiweze kuzima mota. Waendesha kamba wote huku tumewahi kufanya hivyo.”

Nusu saa baadaye, utepe wa aproni ya Otília Kubalová, mpeleka barua wa kijiji, ulijisokota kwenye kamba. Alipiga kelele hadi kwenye gurudumu.

“Nilimsikia,” anasema Vendelín. “Nikadhani ni kelele za kanivali.”

Otília alipoteza mkono wa kulia. Sasa anakaa dirishani posta, akigonga mihuri kwa wa kushoto.

“Otília hunisalimia vizuri tu. Heri angenitukana,” anasema Vendelín.

Klabu ya kijiji ilimwachia kazi hii isiyo na malipo kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza. Mimi mwandishi wa habari hizi niliwahi kuandika juu yake kwa hasira baada ya ajali ile; leo nashindwa.

Anachomoa ufunguo wa mota na kuutia mfukoni. Watu wanaondoka wakinung’unika, wachache wakipanda kilima kwa miguu.

Mwakani Vendelín atatimiza miaka sitini na tano, na anatafuta wa kumkabidhi ufunguo huo.

“Wanakuja, wananiambia, ‘Mzee, mimi siogopi kitu,’” anasema. “Hao nawarudisha nyumbani. Nataka mwoga.”