Ng'ombe Aliyekimbia Vizuri

Bwana mifugo wa kwetu Kilema, mlimani, tumemzika Jumamosi, katikati ya migomba ya kihamba chake, shamba la ukoo, na tangu niteremke kutoka huko situlii. Safu hii nimeianza mara nne. Wasomaji wangu mnanijua, si mtu wa kukosa maneno. Nilikwenda ng'ambo bila ndugu wa kunipokea, nikaosha vyombo hotelini ili nilipe ada, nikarudi na diploma ya kutengeneza wanyama kwa kompyuta, wanyama ambao ukiwaona kwenye televisheni pamoja na watu halisi utaapa kwamba wamezaliwa. Mji mzima wa Moshi nilikuwa peke yangu mwenye ujuzi huo. Nasema hivyo bila aibu. Aibu yangu iko kwingine.

Wakati ule vituo binafsi vya televisheni vilikuwa vimeanza kugombea watazamaji, na mwongozaji mmoja wa tamthilia akanipa kazi. Alitaka ng'ombe atoroke kwenye mashamba ya mpunga Mabogini, akimbie, kisha aruke meza ya harusi bibi harusi akiwa ameketi palepale. Angekuja kumwona ng'ombe huyo Ijumaa. Nikishindwa, kazi ingekwenda Nairobi, na chumba changu cha Njoro, hapa mjini, chenye kompyuta mbili, ningekifunga. Nikapanda kwetu, nikampiga picha ng'ombe wa mama kila upande, nikampima miguu, nikamtembeza uani huku nikimrekodi. Manyoya, macho, mate mdomoni, vyote nilivipata. Lakini kila akikimbia kwenye kioo cha kompyuta kitu kilinikera, nisijue ni nini.

Jumatano bwana mifugo akapita Njoro na baiskeli yake. Serikali ilikuwa imempunguza kazini pamoja na wenzake wengi, akawa anazunguka mwenyewe na mkoba wa dawa. Mama alikuwa amempa ndizi aniletee. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye kompyuta.

"Huyo si ng'ombe wa mama yako?"

"Umemtambua, mzee! Unaiona kazi ya diploma?"

"Nimemtambua kwa kuchechemea. Tangu Pasaka nawaambia mumkate kwato. Nyie mmemwacha, na sasa mgonjwa wa watu mnamtia kwenye televisheni!"

Nikabisha. Yeye akavuta kiti. Ng'ombe wetu wa mlimani, alisema, anakulia bandani. Majani tunamkatia, migomba tunamletea, safari yake ni kutoka horini hadi mlangoni. Kwato zinarefuka, anakanyagia visigino. "Huyu hajakimbia tangu azaliwe. Kumwuliza yeye habari za mbio ni kama kumwuliza sista habari za ndoa."

Kesho yake akanipeleka Mabogini, kwa wafugaji ambao ng'ombe wao walikuwa wakila mabua ya mpunga uliovunwa. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia topeni akitembea kwa mikono na miguu. "Tazama bega, acha kwato! Mguu wa nyuma unakanyaga pale ulipotoka wa mbele. Umeona?" Wanawake waliokuwa wakipepeta mpunga wakaangua kicheko. "Leo bwana mifugo kageuka ng'ombe!" Naye akawajibu akiwa topeni, "Basi njooni mnikamue!"

Tulipokuwa tukiagana aliniuliza jambo moja tu, tena kwa sauti ya chini. "Yale majina yanayopita mwishoni, na langu litakuwepo?"

"Litakuwepo, mzee. Mara tu baada ya langu."

Nikafanya kazi bila kupumzika, na Ijumaa mwongozaji akapiga makofi. Kazi ikabaki Moshi. Aliponiomba orodha ya majina, niliandika langu na la diploma yangu, nikaishia hapo. Sikusahau. Niliona vibaya watu wajue kwamba mimi, niliyesoma ng'ambo, nimefundishwa na mzee wa baiskeli. Mama ndiye aliyenisimulia kwamba siku tamthilia ilipoonyeshwa, mzee alikusanya mke, watoto na majirani kwa shemeji yake mwenye televisheni, na majina yalipoanza kupita akavaa miwani, akasimama karibu kabisa na kioo, mpaka yakaja matangazo ya sabuni. Tulipokutana tena aliniambia tu, "Ng'ombe alikimbia vizuri." Njoro hakupita tena.

Siku hizi kila mmoja wetu anajitangaza. Fundi ana kibao, duka lina kibao, mimi nina picha yangu juu ya safu hii. Tunaziita kazi hizi mpya, na tunasahau ni wangapi kati ya waliopunguzwa jana ambao macho yao ndiyo tunayoyatumia leo.

Baada ya maziko nilimfuata mjane, nikamwambia nitaandika gazetini jina kamili la marehemu, watu wote walisome. Alikuwa akikusanya vikombe. Hakuacha.

"Jina la mume wangu lilihitajika siku ile amesimama mbele ya televisheni," alisema. "Sasa liko msalabani, baba. Liache hapo."

Ndiyo maana hamjalisoma hapa. Aliyekufundisha kazi, mtaje angali anaweza kuvaa miwani akajisomea. Baada ya hapo unajitaja mwenyewe tu.