Kanisa Halikuhama

Mvua za El Nino zilipokwisha, kitabu cha kumbukumbu cha kanisa letu dogo la Kipresbiteri, nje ya Garsen, kilikuwa kimegeuka uji. Wazee wa kanisa wakaamua historia iandikwe upya na isomwe siku ya mavuno. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, basi wakanipa hiyo.

Kurasa mbili zilinichukua wiki tatu. Niliandika “waumini”, nikafuta, nikaandika “washirika”, nikalala nikiwaza ni nani atakayeudhika. Jambo moja tu sikulitilia shaka. Kila niliyemuuliza alianza hivi: “Enzi zile kanisa lilipokuwa ng’ambo ya pili.” Kwa hiyo nikaandika kwamba kanisa lilianzia ng’ambo ya pili ya mto Tana, kisha likahamishiwa kwetu.

Jumamosi nilimsomea bibi yangu akipepeta mchele. Ungo ukasimama.

“Mume wangu,” akasema, jina aliloniita tangu utotoni, “huko chuo walikufundisha kuhamisha makanisa?”

“Wazee ndio walioniambia, bibi.”

“Wamekwambia kweli. Lilikuwa ng’ambo. Kisha mto ukafurika, ukakata njia mpya upande wa nyuma. Maji yalipopungua, kanisa liko kwetu. Halikuhama hilo. Mto ndio uliohama.”

Nilicheka, nikasema nitarekebisha. Yeye hakucheka.

“Kifungua mimba wangu nilimzika pale, chini ya dirisha la mwisho. Alikuwa na siku tisa. Kila Jumapili nilivuka kwa mtumbwi kumwona, mpaka Mungu akaniondolea mto katikati. Sasa ukisoma hivyo, watu watasema nilimwacha ng’ambo nikaja zangu.”

Hakuna aliyewahi kuniambia habari za mtoto huyo. Nilitaka kuuliza jina lake, nikaogopa kuuliza vibaya. Nikachukua kalamu na kuandika sentensi mbili palepale, mbele yake, nikamsomea. Akatikisa kichwa kukubali, ungo ukaanza tena.

Kesho yake, siku ya mavuno, nilisimama kanisani na kurasa zangu. Nilipofika kwenye sentensi zile, nikasoma polepole: “Kanisa hili liko mahali lilipojengwa. Mto ndio uliohama.” Wazee wakaguna kukubali. Bibi alikuwa kando ya dirisha la mwisho, mahali pake pa siku zote. Miaka yote nilidhani anafuata upepo.